Jogoo Kijana Aliye Mkali

Katika Port Victoria na vijiji vingine vya Bunyala, kando ya Ziwa Viktoria katika kaunti ya Busia, ni nyumba chache zisizofuga kuku. Kuku hao hawafungiwi. Asubuhi hufunguliwa, hushinda uani wakiokota wadudu, punje za mtama na omena walioanikwa juani, na jioni hurudi wenyewe kulala. Watoto wadogo nao hushinda katika ua huo huo. Kwa hiyo jogoo anapoanza kuwarukia watu, anayeumia kwanza mara nyingi si mwenye kuku bali ni mtoto wake. Jogoo akiruka, miguu yake hufika kwenye uso wa mtoto wa miaka miwili au mitatu, na jicho lililochomwa huenda lisione tena.

Kwa sababu hiyo jambo hili lisichukuliwe kuwa ni mzaha. Watu wengi hucheka wanapomwona pora akimfukuza mgeni hadi langoni, na wengine humsifu kuwa ni askari wa nyumba. Hucheka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu pora huyo amekwisha kuwa jogoo kamili mwenye miiba miguuni, na tabia imemkaa.

Inafaa kujua ukali huo unatoka wapi. Pora akiwa na miezi minne au mitano hivi, mwili wake hubadilika. Kilemba chake huwa chekundu, huanza kuwika kwa sauti ya kukwaruza, na vipi, yaani ile miiba ya miguuni, huanza kuchomoza. Hapo ndipo huanza kutafuta cheo chake. Mwaka 1921 mtaalamu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa amewatazama kuku tangu utoto wake, alieleza kwamba kuku hawaishi ovyo ovyo: kila mmoja anamjua anayeweza kumdonoa na anayempasa kumpisha. Pora hupimana nguvu na ndugu zake, kisha na jogoo mzee. Akiwa amewazoea mno watu, nao huwaingiza katika hesabu hiyo hiyo. Wafugaji wengi wameona kwamba kifaranga aliyelelewa peke yake, akabebwa na kulishwa mkononi na watoto, ndiye anayegeuka kuwa mkali kuliko wenzake waliokuzwa na mama yao. Hiyo si utovu wa shukrani, bali amemhesabu mtu kuwa jogoo mwenzake.

Kabla ya kuruka hutoa ishara. Hushusha bawa moja, akazunguka upande upande kwa hatua fupi. Husimamisha manyoya ya shingo. Hudonoa chini kana kwamba anakula, na kumbe hali kitu, huku jicho lake likimwelekea mtu. Au humfuata mtu kwa nyuma polepole. Mama wa nyumba akiziona ishara hizo ajue kwamba wakati wa kuchukua hatua ni sasa, wala asingoje damu.

Kuna makosa mawili yanayofanywa kila siku. La kwanza ni kumpiga teke. Jogoo haelewi teke kuwa ni adhabu. Kwake hilo ni jibu la mwenzake aliyekubali kupigana, naye hurudi kwa hasira zaidi. La pili ni kukimbia. Anayekimbia amemwambia jogoo kwamba ameshinda, na kesho atajaribu tena. Vijana wanaomchokoza kwa fimbo ili waone akiruka humfundisha vibaya kuliko wote, na wenye nyumba wawakataze kabisa.

Njia iliyo bora ni mtu kusimama imara, akimwelekea, kisha kupiga hatua mbili tatu polepole kuelekea kwake mpaka ajitenge mwenyewe. Jogoo asipishwe njia. Yeye ndiye apishe. Anayekwenda kuwalisha kuku ashike ungo, sinia au kipande cha ubao mbele ya miguu yake, ili jogoo akiruka akutane na ungo badala ya mguu. Asimpige kwa ungo huo. Amzuie tu na kumsukuma kando. Akiendelea, ashikwe kwa utulivu, akumbatiwe chini ya kwapa, mabawa yamebanwa na miguu imeshikwa, na mtu aendelee na kazi zake ndogo ndogo mpaka jogoo anyamaze. Asiachiliwe angali akifurukuta. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima, wala si mtoto. Wengine hutulia baada ya majuma machache ya kutendewa hivyo. Wengine hawatulii kamwe, na hao watatajwa baadaye.

Vipi vikiwa virefu na vyenye ncha kali, ncha yake inaweza kupunguzwa kwa tupa. Isikatwe zaidi ya ncha, kwa maana ndani ya kipi mna nyama hai na damu. Kukiongoa kipi kizima, kama wafanyavyo wengine, ni kumtesa mnyama na kumfungulia kidonda.

Mtu aliyechomwa au kudonolewa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kwenye zahanati au hospitali akaulizie sindano ya pepopunda, hata ikiwa tundu ni dogo. Tundu dogo lililoingia ndani ndilo linalopendwa na pepopunda, na miguu ya kuku haitoki mahali safi. Wazee wenye mishipa iliyovimba miguuni wawe na hadhari zaidi. Mwaka 2019 madaktari wa Australia walitoa habari ya mama mmoja mwenye umri wa miaka 76 aliyekwenda kuokota mayai. Jogoo wake akamdonoa mguuni penye mshipa wa namna hiyo, naye akafa kwa kutokwa na damu. Mambo kama hayo ni nadra sana, lakini yametokea.

Mitetea nao huumia. Jogoo mmoja hutosha mitetea minane hadi kumi na miwili. Nyumba yenye mitetea minne na majogoo watatu haitakuwa na amani: mitetea itapandwa siku nzima, manyoya ya mgongo yatakatika, ngozi itapasuka, na mayai yatapungua. Jambo hili limezidi tangu watu wa mpakani waanze kufuga Kuroila, kuku wa asili ya India waliopitia Uganda. Jogoo wa Kuroila ni mzito mno kwa mtetea mdogo wa kienyeji.

Nafasi ikiwa ndogo, ugomvi huongezeka. Watu wa Bunyala wanalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda na Mto Nzoia ukafurika, jamaa nyingi ziliyahama makao yao. Panapotokea uhamisho wa namna hiyo, majogoo wasiojuana hujikuta mahali pamoja na kupigana kutwa. Mwenye jogoo mkali amfunike kwa tenga, au amfunge mguu kwa kitambaa kipana, kivulini, karibu na maji. Kamba nyembamba hukata mguu. Chakula nacho kimwagwe mahali pawili au patatu, ili mnyonge apate pa kulia.

Hata hivyo si kila ukali ni kosa. Jogoo mwema ndiye anayeinua shingo kutazama angani kuku wengine wanapokula, na sauti anayoitoa akimwona mwewe si ile anayoitoa akimwona mbwa au nguchiro. Vifaranga wengi wameokoka kwa sababu yake. Jogoo anayemrukia nguchiro na kumpisha mtoto ni mali, asichinjwe kwa haraka. Hata heshima ya boma imo ndani yake: kwa desturi ya Waluo, majirani wa Wanyala, jogoo ni mmoja wa vitu vinavyochukuliwa mtu anapokwenda kufungua boma jipya. Labda ndiyo sababu watu husita kumwondoa jogoo hata akiwa mbaya.

Lakini anayewarukia watoto, na ambaye amejaribiwa mwezi mmoja au miwili bila kubadilika, aondolewe. Na asiachwe azae kwanza, kwa kuwa ukali hurithiwa, na mwaka ujao uani kutakuwa na mapora sita wa tabia yake. Tena iko sababu nyingine isiyohusu ukali: pora aliyezaliwa nyumbani, akiachwa kuwa jogoo wa nyumba hiyo hiyo, atawapanda mama yake na dada zake, na vifaranga watakuwa dhaifu. Serikali ya Kenya ililitambua jambo hilo zamani. Katika mpango wa kuendeleza ufugaji wa kuku ulioanzishwa mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, wakulima walibadilishiwa majogoo yao ya kienyeji kwa majogoo bora. Majirani wawili wanaweza kufanya mabadilishano kama hayo wenyewe bila kungoja ofisi yoyote.

Jogoo aliye mkali kwa watu asitolewe katika mabadilishano hayo, wala asiuzwe sokoni kwa mtu anayetafuta mbegu. Auzwe kwa kitoweo, au achinjwe nyumbani, na mnunuzi akiuliza aambiwe kweli.

Jogoo mpya atakayechukua mahali pake achaguliwe kwa kutazamwa jinsi anavyoishi kwao: je, huwaita mitetea apatapo chakula, na je, humpisha mtu apitaye? Afungiwe peke yake kwa majuma mawili, ili ionekane kama hana mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kisha awekwe usiku miongoni mwa kuku wanapolala juu ya fito zao, na mwenye nyumba aamke mapema asubuhi ile kuwatazama wanapofunguliwa.