Ghala la kikundi: nunua Julai, uza Februari kwa bei ambayo jirani anaimudu

Kila Julai hapa Laela malori yanapakia mahindi kuelekea Tunduma. Ikifika Februari, yule yule aliyeuza magunia anatafuta debe, na bei imeshapaa. Ufipa shida yetu siyo kulima. Tunauza mapema kwa sababu ya ada na madeni ya mbolea, halafu tunanunua tena kwa bei ya juu.

Dawa mojawapo ni ghala la kikundi linaloendeshwa kama biashara ya kijamii. Siyo msaada. Kikundi kinanunua mahindi wakati wa mavuno, kinayatunza, kisha kinayauza hapa hapa kijijini kwa bei inayorudisha gharama na kubakiza faida kidogo ya kukuza mtaji.

Tupige hesabu ya mfano. Mmenunua kilo kwa shilingi 500. Mifuko, mlinzi, usafiri na upungufu wekeni 120, jumla 620. Mkiuza 680, tani 10 zinawaachia faida ya 600,000. Kama sokoni ni 900, mama anayenunua debe la kilo 18 ameokoa shilingi 3,960.

Sasa hapo ndipo vikundi vinapovunjika. Bei ikifika 900, mfanyabiashara anakuja na pesa mkononi, na wanachama wanaanza: tuuze yote tugawane. Wana haki, mali ni yao. Kwa hiyo tenganisheni stoo mapema: fungu la biashara liuzwe popote, fungu la chakula lisitoke kijijini. Wekeni pia kiwango cha kila kaya kwa mwezi, la sivyo dalali atanunua kupitia shemeji yake. Haya yaandikwe kwenye katiba kabla gunia la kwanza halijaingia.

Fungu la chakula msilikopeshe. Mwanachama anayejua Februari hatakuwa na pesa, aweke gunia lake mwenyewe Julai, alipie gharama ya kulitunza tu.

Kwenye utunzaji, unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, tikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Tumieni mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani, na kila plastiki ifungwe peke yake. Dumuzi, wengine mnamwita Scania, anakosa hewa na kufa bila dawa. Wakati wa kuuza fungueni mfuko mmoja mmoja. Kununua na kuuza ni kwa mizani, lumbesa hapana.

Mtaji uanze na hisa zenu. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulizie pia halmashauri mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani.

Kikao kifanyike kabla ya Mei. Siku ya kuandika kanuni za fungu la chakula mniite, nitakuja.