Fundi, Msumeno Wako Unakata Skwea?
Ule msumeno wa umeme wa kuteleza ukikosea digrii 1 tu, ubao wa upana wa sentimita 30 unaharibika kwa karibu milimita 5. Mlango wa kabati haufungi, na mteja anakushikilia salio.

Skwea ya bei rahisi usiiamini sana. Chukua ubao mpana wenye kingo sambamba, ukate katikati, geuza kipande kimoja chini juu. Egemeza vyote kwenye kitu kilichonyooka, ukutanishe pale ulipokata. Ukiona mwanya, hilo ni kosa lako mara mbili. Sasa chomoa plagi (jameni, vidole havinunuliwi!), legeza bolti za ukuta wa kuegemezea mbao, usogeze kidogo sana, kaza. Kata tena. Mwanya ukiisha, ndipo uguse mbao za mteja.