Dondoo muhimu: Tafakuri kabla ya matumizi

Yamfaa mtu aliyekwisha kupokea mshahara wake, hali moyo wake umetaharuki kwa madeni na matamanio, aketi kwanza mahali pa faragha, afumbe macho, na aifuate pumzi yake iingiapo na itokapo kwa muda wa dakika 10, pasipo kushika simu wala kupiga hesabu yoyote. Kwani fedha nyingi hupotea si kwa uchache wa akili, bali kwa pupa ya nafsi isiyopewa nafasi ya kutulia.

Pupa hiyo imezidi kuwa na hatari tangu mikopo ilipoingia mkononi. M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu iliyoanza nchini Kenya mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani aliyekopa shilingi 1,000 alirejesha 1,075, na aliyekopa hivyo kila mwezi, mwaka mzima, alilipa shilingi 900 za ada peke yake. Basi kabla ya kubonyeza, vuta pumzi tano taratibu, ujiulize: hii ni haja, ni hofu, au ni haya mbele ya jamaa? Haya hiyo, kwa rai yangu, ndiyo hula fedha za wengi, hususan msimu wa harusi.

Usiku fanya muhasaba: andika daftarini kila shilingi iliyotoka, na hali ya moyo wako ilipotoka, bila kujilaumu.

Tafakuri hailipi deni. Aliyelemewa na amwendee mapema anayemdai, wapatane.