DARUBINI YETU NA NYOTA YA JAA TUSIYOIONA

Katika somo la falaki tuliazima darubini kwa siku tatu mwezi wa Januari, tupige picha ya Thurea, yaani Kilimia. Usiku wa kwanza picha zote ziliharibika. Nyota ya katikati ilikuwa nukta, za pembeni vistari vilivyopinda.

Sababu ni hii. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, na mota huizungusha darubini kinyume chake ili nyota isitoroke. Mhimili wa kikalio ukikosea ncha ya mbingu kwa digrii 1, nyota huweza kuteleza kama sekunde 16 za tao kila dakika (digrii moja ina sekunde 3,600). Kamera ndogo ya kuongoza huirudisha nyota moja mahali pake, lakini nyingine hubaki zikiizunguka. Sisi tulidhani kamera hiyo itafuta kosa letu!

Ndugu zetu wa Maskati huiona nyota ya Jaa digrii 23 hivi juu ya upeo, wakailenga. Sisi Unguja tuko digrii 6 kusini. Jaa iko chini ya upeo wetu, na ncha ya kusini haina nyota angavu. Dira nayo hufuata sumaku, si ncha halisi; wanaotafuta kibla kwa dira wajue hilo. Tena kikalio hakikuinama hadi digrii 6, ikabidi tuweke kipande cha ubao chini ya mguu mmoja.

Usiku wa pili tuliacha kuitafuta ncha. Tulizima masahihisho ya kamera, mota ikiendelea, tukaitazama Mintaka katika mshipi wa Jabari (jina ni la Kiarabu, maana yake ndiyo huo mshipi). Iko karibu kabisa na ikweta ya mbingu, na baada ya saa nne usiku ilikuwa karibu na utosi. Ikiteleza kaskazini au kusini, kikalio kimeelekea kushoto mno au kulia mno. Kigeuze kidogo kwa skrubu: mtelezo ukipungua endelea, ukizidi rudi. Kisha chagua nyota ya mashariki, digrii 20 au 30 juu ya upeo; hiyo huonesha kosa la kuinama. Halafu rudia Mintaka, kwani skrubu moja huvuruga nyingine.

Tulipomaliza, Thurea ilikuwa imeshuka sana magharibi. Tukakifunika kikalio kwa turubai pale pale juu ya paa, mtu asikiguse.

Usiku wa tatu, saa mbili na nusu, tulifungua kamera kwa dakika 5. Nyota zilikuwa nukta hadi pembeni mwa picha.