SOMO LA AFYA: Kwa nini mtoto aliyevimba asipewe vidonge vya chuma



Hapa Masaka mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa neno moja. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amevimba miguu na uso. Mama mwenyewe alikuwa na mimba, na kliniki ilimpa vidonge vya chuma vya kuongeza damu. Akasema: "Mwanangu amepauka, hana damu. Kwa nini nisimgawie kidonge changu?" Nia yake ilikuwa njema, lakini kidonge hicho kingeweza kumdhuru mtoto. Leo tujifunze sababu.

1. Ugonjwa huu ni upi?

Ni kwashiakoo, wengi wetu tunauita bwaki. Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 akiwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Jina lake linatoka katika lugha ya Kiga ya huko, nalo ni la mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuzaliwa. Kwa miaka mingi walimu wa tiba walisema ni upungufu wa protini tu. Mwaka 1987 Daktari Michael Golden na mwenzake Ramdath, waliokuwa wakifanya kazi Jamaica, walitoa hoja nyingine: seli za mtoto huyu zinaharibiwa na radikali huru.

2. Radikali huru ni nini?

Mwili unachoma chakula kwa oksijeni ili upate nguvu, kama mbabula inavyochoma makaa. Kila mbabula inarusha cheche. Cheche za mwili ndizo radikali huru: chembe ndogo sana zilizopungukiwa elektroni moja. Elektroni hupenda kukaa mbili mbili. Chembe yenye pungufu inamnyang'anya jirani, na jirani aliyenyang'anywa naye anamnyang'anya wa pili yake. Hivyo uharibifu unapita kutoka chembe moja hadi nyingine.

Mmeshauona jikoni. Acha mafuta ya kupikia wazi kwenye jua kwa majuma kadhaa: yatanuka vibaya na ladha itabadilika. Hakuna aliyeyagusa. Ni oksijeni na mwanga vimeanzisha mnyororo huo.

3. Utando wa seli na vimeng'enya

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba, na utando huo umejengwa kwa mafuta na protini. Radikali ikiyashika mafuta ya utando, yanaharibika kama yale ya jikoni, na utando unaanza kuvuja. Potasiamu, ambayo inatakiwa kukaa ndani ya seli, inatoka. Sodiamu, ile ya chumvi, inaingia na kubaki.

Vimeng'enya ni protini zinazofanya kazi za mwili: kusaga chakula, kusukuma chumvi nje ya seli, kusafisha sumu kwenye ini. Kila kimoja kina umbo lake, kama ufunguo na kufuli yake. Radikali ikilipinda umbo hilo, ufunguo haufungui tena na kazi inasimama.

4. Walinzi wa mwili

Mwili una walinzi. Vitamini E inakaa ndani ya utando wenyewe. Inaipa radikali elektroni inayotafuta, na mnyororo unakatika. Vitamini C inairudishia vitamini E nguvu yake. Yuko na mlinzi mwingine, glutathioni, ambaye mwili unamtengeneza kutokana na protini tunazokula. Kwa mtoto mwenye bwaki walinzi hawa wamepungua sana.

5. Na chuma?

Chuma ni kizuri kwa mtu mzima wa afya, kwa sababu mwili unakibeba kikiwa kimefungwa ndani ya protini maalumu inayotengenezwa na ini. Kwa mtoto aliyevimba protini hiyo ni chache. Chuma kinabaki huru, kinazalisha radikali zaidi, tena kinalisha vijidudu. Ndiyo maana mwanzoni hospitali inatoa maziwa ya F-75 yasiyoongezwa chuma. Chuma kinakuja baadaye, hamu ya kula ikirudi na uzito ukianza kupanda. Basi usiseme, "Wamemnyima mwanangu dawa ya damu." Wanafuata utaratibu.

6. Je, tununue vidonge vya hao walinzi?

Hapana. Huko Malawi, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2005, watoto zaidi ya 2,000 waligawanywa: nusu walipewa walinzi wa aina hiyo kila siku, nusu hawakupewa. Bwaki haikupungua. Wataalamu bado wanabishana ni kipi kinachoanzisha ugonjwa huu. Asiwadanganye mwuzaji wa vidonge.

7. Tufanye nini?

- Bonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba, ukihesabu 101, 102, 103. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Usiridhike na utepe wa mkono. Mtoto aliyevimba anaweza kuonyesha rangi ya kijani na bado yuko hatarini.
- Usimpe chuma, wala dawa ya kienyeji ya kutoa maji. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.
- Kwa watoto wazima: maharage, ndagara, karanga au yai kila inapowezekana, pamoja na lengalenga, sombe iliyopikwa vizuri, na papai.
- Mafuta yafunikwe na yawekwe mahali pa giza. Jua na hewa vinaua pia vitamini A iliyoongezwa humo.

Mama yule alikubali. Vidonge vyake anavimeza mwenyewe, maana yeye na mimba yake wanavihitaji, na mtoto tulimsindikiza kituoni jioni ile.

Maswali ya kujipima
1. Mafuta ya jikoni na utando wa seli vinafanana kwa nini?
2. Chuma kinamdhuruje mtoto aliyevimba?
3. Mtoto wa jirani yako amevimba miguu, lakini mama anasema "amenenepa". Utamwambia nini?