Helikopta Ndogo ya Rimoti: Kikundi Kichague Ipi?

Somo la leo litawachekesha wengine. Tumezoea kuzungumza juu ya kuku, mihogo na daftari la mweka hazina. Lakini kikundi kimoja cha vijana upande wa Malaba kilinijia na swali, na sikuona vizuri kulijibu kwa kicheko. Wanataka kutoa pesa katika mfuko wa kikundi, wanunue helikopta ndogo ya kuchezea, ile ya kuongozwa kwa rimoti, ili siku za soko na sikukuu watoto walipe kidogo wairushe. Wazee wawili walikataa, wakasema huko ni kuchoma pesa mchana. Mama mweka hazina akasema, "Hebu tusikie hesabu kwanza." Basi na tuisikie.

Hamu yao naielewa. Kila msimu wa kampeni, helikopta ikitua kwenye uwanja wa shule ya msingi, watoto hukimbilia helikopta wala si mgombea. Na hizi ndogo hazikuanza jana. Mjerumani mmoja, Dieter Schlüter, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa helikopta za rimoti, kwa kazi aliyofanya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Siku zile ilikuwa mashine ya injini ya mafuta, kubwa kama mbuzi. Leo inakaa kiganjani na inachajiwa kama simu.

Kabla ya bei, tuelewe kwanza kwa nini helikopta ni ngumu kuliko ndege ya kawaida. Je, umewahi kuona drili ya fundi ikikwama ubaoni? Msumari wa drili unasimama, halafu mkono wa fundi ndio unaozungushwa. Helikopta ni vivyo hivyo. Panga la juu likizunguka upande mmoja, mwili wote unataka kuzunguka upande mwingine. Ndiyo sababu helikopta kubwa ina kipanga kidogo mkiani, kuuzuia mwili usizunguke. Anayejifunza akikosea hapo kidogo tu, chombo kinazunguka kama pia na kuanguka.

Helikopta za bei ya chini kabisa zimekwepa shida hiyo kwa njia ya akili. Zina mapanga mawili juu, moja likizunguka kulia na jingine kushoto, na nguvu zao zinauana. Chombo kinatulia chenyewe. Mfano unaojulikana sana ni Syma S107G. Ina chaneli tatu, yaani amri tatu: kupanda na kushuka, kugeuka kushoto na kulia, kwenda mbele na kurudi nyuma. Tena ina jairo, kifaa kidogo cha kuusaidia mkia usiyumbe. Mtoto wa darasa la nne akiishika, baada ya nusu saa anaweza kuiinua na kuishusha. Kwa wanaoanza mimi nasema hiyo, au iliyo kama hiyo.

Hatua ya pili ni ile ya panga moja juu na kipanga mkiani, chaneli nne, kama WLtoys V911. Hiyo inaweza kuegemea ubavuni pia, na inavumilia upepo kidogo. Lakini inataka mkono uliozoea. Ya chaneli sita, ambayo mapanga yake hubadili pembe hewani, msiiguse mwaka huu. Muuzaji atawaambia ni ile ile, tofauti ni bei tu. Si ile ile.

Sasa jambo lililonigharimu mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua helikopta ya namna hiyo kwa ajili ya siku ya watoto. Dukani iliruka vizuri ajabu, nikalipa na kwenda zangu nikitabasamu. Siku yenyewe, saa sita mchana, watoto wamejaa uwanjani, nikabonyeza. Ikapanda kimo cha mtu, ikaacha kusikia rimoti, ikaanguka. Nikajaribu tena, ikaanguka tena. Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini. Nilidhani nimeuziwa mbovu, kumbe ni mimi sikuuliza swali moja: rimoti hii inatumia nini?

Nyingi za bei ya chini, na hiyo S107G pia, hutumia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Jua letu la mchana lina mwanga huo huo kwa wingi, kwa hiyo helikopta inapofushwa. Ndani ya ukumbi inaruka vizuri. Nje juani, sahau. Zinazotumia mawimbi ya redio ya gigahazi 2.4 hazisumbuliwi na jua. Basi ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa ndani tu. Omba itolewe nje juani, mita kumi kutoka kwa rimoti. Na hata ikisikia, kumbuka hizi ndogo ni nyepesi kuliko yai. Upepo wa jioni wa huku kwetu utaipeleka kwa jirani. Nje, rusha asubuhi mapema.

Haya, hesabu ya mama mweka hazina. Bei zinabadilika, kwa hiyo nachukua mfano tu. Nyinyi wekeni bei ya kwenu. Tuseme ile ndogo ya mapanga mawili imenunuliwa kwa shilingi 3,500. Betri yake imefungwa ndani, haitolewi. Inaruka dakika 7 hivi, halafu inachajiwa dakika 40. Mzunguko mmoja ni dakika 47. Katika saa tano za alasiri, yaani dakika 300, mnapata mizunguko 6. Sita mara saba ni dakika 42 za kuruka. Kila mtoto akipewa dakika tatu na nusu, ni watoto 12. Kwa shilingi 20 kila mmoja, mmepata shilingi 240 kutwa nzima. Ili mrudishe 3,500 mnahitaji siku 15 za namna hiyo, na bado hamjanunua panga hata moja lililovunjika, wala kumlipa kijana aliyesimama hapo saa tano.

Vijana walisema, "Basi tununue ile ya betri za kutoa, tuwe na betri nne." Vizuri, wamefikiri. Tuseme pamoja na chaja ya kuchaji nne kwa pamoja ni shilingi 6,000. Katika kila dakika 47 mnaruka dakika 28, na kwa alasiri nzima ni dakika 168, watoto 48, shilingi 960. Kwa karatasi pesa inarudi kwa siku 7. Lakini injini ndogo hizi hupata moto, zinataka kupumzishwa, na aina hii ndiyo ile ngumu ambayo mtoto ataigonga ukutani mara ya kwanza. Ondoeni nusu: shilingi 480, siku 13. Sasa hatuko mbali na ile ya kwanza, ila tumehatarisha pesa nyingi zaidi.

Kwa hiyo wazee hawakukosea sana. Kama mradi wa mapato, mimi siutetei. Msitoe pesa ya meri-go-raundi, na mkopo ndio kabisa msichukue. Lakini kama chombo cha kufundishia vijana kutengeneza vitu vya umeme, hapo nabadilika. Kijana aliyefungua helikopta, akabadilisha gia, akauma waya wa injini kwa risasi, kesho ataelewa rimoti ya televisheni na simu iliyokufa chaji. Wale wanaotaka wachange wenyewe kiasi ambacho kikipotea hakitamnyima mtoto karo, wanunue ile ndogo, wajifunzie ukumbini.

Mkinunua, ulizeni vipuri kabla ya bei. Mapanga, gia na mkia vitavunjika, hilo halina mjadala. Kama muuzaji hana mapanga ya akiba, mmenunua mfupa. Mara nyingi ile ya shilingi mia tano zaidi yenye mapanga ya ziada ndiyo rahisi. Rimoti ya S107G inakula mawe sita madogo, na inaweza kuchaji helikopta kwa hayo mawe. Msifanye hivyo, mtanunua mawe kila wiki. Chajini kwa waya wa USB kutoka kwenye sola. Na betri hizi za lithiamu si za kuachwa zikichaji usiku mmelala. Betri iliyovimba isichajiwe tena, na msiitoboe, inaweza kushika moto. Msiiweke karibu na bati lenye joto. Helikopta ikiishiwa nguvu, ishusheni; kuikamua mpaka mwisho kunaua betri.

Neno moja juu ya mpaka. Mwaka 2020 Kenya ilitoa kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Ya kuchezea ndani ya ukumbi haitawaletea taabu, lakini chochote chenye kamera au cha kwenda juu na mbali, ulizeni mamlaka hiyo kabla ya kulipa, si baada. Msirushe karibu na kituo cha forodha Malaba wala Busia. Askari hajui kama ni ya watoto. Na ukiinunua ng'ambo ya Uganda kwa kuwa ni rahisi, ipitishe mbele ya watu wa forodha, usiifiche chini ya kiti cha bodaboda.

Kwa mkutano ujao: mweka hazina alete bei halisi kutoka maduka mawili, pamoja na bei ya mapanga ya akiba, na mrudie hesabu hii ubaoni kila mtu akiona. Kisha waulizeni wale wazee wawili kiasi gani wangekubali kipotee. Vijana wa Malaba walipoulizwa, kila mmoja alitaja mia mbili.