Vitufe vitatu vya "Tuma"

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Narung'ombe, pole na hongera. Pole kwa sababu mfumo wa kupokea ufuta mliowatengenezea AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, una vitufe vya "Tuma" vya aina tatu, na kila kijana mpya anakuja na chake. Hongera kwa kuona kwamba dawa si kugombana kwenye WhatsApp, ila kuwa na tovuti moja inayoeleza rangi, herufi, vitufe na fomu zenu.

Ili uone faida ya kufanana, fungua tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Ruangwa, kisha ya Nachingwea. Kichwa ni kilekile; "Malalamiko" na "Barua pepe za watumishi" ziko palepale. Ukiijua moja umezijua zote. Hiyo ni kazi ya 2017, tovuti za mikoa na halmashauri zilipojengwa kwa mpango mmoja. Wapo wanaosema zinachosha. Jamani, anayetafuta tangazo la ajira hajaja kuburudishwa!

Sasa kwako. Usianze na ukurasa wa "Falsafa Yetu", nakuomba sana. Hausomwi. Anza na kile wanachokuuliza wenzako kila siku, na kwa kazi yenu nadhani ni sehemu ya kujaza kilo. Ipe ukurasa wake. Sehemu yenyewe ijazike palepale, isiwe picha, maana mkibadilisha rangi picha inabaki inadanganya. Chini weka msimbo wa kunakili. Halafu ingia ndani: karani akiandika 87,5 badala ya 87.5 itakuwaje? Akiacha wazi? Ujumbe wa "Andika uzito kwa kilo, mfano 87.5" unamsaidia. Ule wa "Taarifa si sahihi" unamwacha anakodoa macho huku foleni ya wakulima imefika nje ya ghala. Onyesha jumbe zote mbili, wa kufuata na wa kukwepa, na useme kwa nini. Usiposema kwa nini, kila mgeni ataufufua ubishi uleule.

Zana zisiwape presha. Docusaurus ni ya bure, na kurasa unaziandika kwa Markdown. Kama mnatumia React, Storybook itawafaa kuonyesha vipande, kama vitufe na fomu, vikiwa hai. Msimbo wenu ukiwa HTML ya kawaida, hata HTML tupu inatosha. Ila ijaribu tovuti yenyewe kwa simu ukiwa hapo kijijini, si kwa waya wa ofisi ya Dar. Ikisuasua, toa video, punguza na fonti. Kwa mfano wa kuiga, tazama mwongozo wa serikali ya Uingereza uliotoka 2018, GOV.UK Design System: unakwambia kipande kitumike wapi, na wapi kisitumike.

Kitufe kikibadilika kwenye msimbo, ukurasa wake ubadilike siku hiyohiyo, na aliyebadilisha ndiye aandike. Wewe usikubali kuwa katibu wa wote.

Halafu mwite kijana asiyeujua mfumo, mwambie atengeneze fomu ya kumsajili mkulima kwa kutumia tovuti hiyo tu. Kaa pembeni na daftari. Akikwama usimwelekeze, andika amekwama ukurasa gani.